Kasha Tupu la DVD ya Kwaya

Diski zilizobaki kubandikwa utepe zilikuwa chache, na Watiri alizibandika polepole, kama mtoto anayekula mandazi ya mwisho sahanini. Kila diski iliyokamilika ilimsogeza Gatobu karibu na mlango. Na nje ya mlango ule kulikuwa na barabara ya kwenda Nanyuki, ambako angelala usiku huo, na huenda asirudi tena Gatitu.

"Hiyo umebandika mara mbili," Gatobu alisema.

Watiri akatazama. Ni kweli, tepe mbili zilikuwa zimelaliana kandokando ya tundu la diski.

"Nilitaka ishike vizuri."

"Imeshika. Ni wewe unaishikilia."

Watiri aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, na yeye alikuwa amekohoa mwezi mzima mbele ya wasomaji wote wa maktaba.

Maktaba yenyewe ilikuwa ndogo, chumba kimoja kirefu nyuma ya kanisa. Vitabu vilikuwepo, lakini watu wengi walifuata DVD. Gatitu ina nyanya wengi wasio na haja ya intaneti. Wana televisheni, wana mashine ya kuchezea diski waliyoletewa na watoto wao wa Nairobi, na wanataka vichekesho vya Kikuyu, mafunzo ya kulea ng'ombe wa maziwa, na nyimbo za kwaya. Tatizo ni kwamba makasha yalikuwa yakirudi na diski zinabaki njiani. Kamati ikachoka, ikasema: ama DVD zilindwe, ama ziondolewe rafuni zote.

Ndipo alipokuja Gatobu. Alikuwa ameacha kuajiriwa dukani Nanyuki akaanza kujitegemea, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kila diski inabandikwa utepe mwembamba. Mtu akiazima, diski inapitishwa juu ya kibao cheusi mezani, utepe unalala. Akirudisha, unaamshwa. Diski ikipita mlangoni utepe ukiwa macho, lango linalia. Na kulikuwa na sheria moja ya kale ambayo Gatobu aliirudia kila siku: kasha likirudi, lifunguliwe hapo hapo, kabla aliyelirudisha hajageuka.

Nguzo mbili nyeupe za lango zilikuwa tayari zimesimama mlangoni. Hazikuwa zimewashwa bado, kwa sababu mwenyekiti wa kamati, Mzee Moffat, alitaka kuziona zikiwaka kwa macho yake.

"Jumamosi ni kweli?" Gatobu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani amekuambia?"

"Mzee Mwai. Ako hapo na gazeti lakini masikio iko huku."

Kwenye benchi la dirishani, Mzee Mwai akafunua ukurasa kwa kishindo.

Watiri akaweka chini diski aliyoshika. "Ni kweli. Watu wa Kinuthia wanakuja kuhanda ithigi."

Gatobu hakuhitaji kuelezwa. Watu wa mvulana wakishapanda ithigi, lile tawi la posa, katika boma la msichana, boma limesemewa. Mwanamume mwingine akija baadaye anaonyeshwa tawi, anapewa chai, na anarudi kwao.

"Na wewe umekubali?"

"Mami ndiye amesema wakuje. Mimi sijasema kitu."

"Kukosa kusema kitu pia ni kusema, Watiri."

Kinuthia hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alikuwa na biashara ya nyanya na mchele kule Kagio, alikuwa mpole, alisali. Zaidi ya yote, alikuwa amenunua ploti Gatitu, ua wa pili kutoka kwa mama yake Watiri. Mama alikuwa mjane. Tangu Mugo, baba yake Watiri, azikwe, alikuwa akipakua chakula cha watu watatu halafu anakumbuka na kurudisha sahani moja kabatini. Mwanamke kama huyo ukimwambia binti yake ataolewa ng'ambo ya mlima, unamwambia arudishe sahani ya pili.

"Niambie neno moja tu," Gatobu alisema. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza, karibu sana na ya Watiri, lakini haikuvuka. "Niambie 'rudi'. Nitaongea na mama yako, nitaleta wazee, nitafanya vile inafanywa. Lakini usiponiambia, siwezi kuingilia boma ya watu. Sikulelewa hivyo."

Watiri alimtazama. Alitamani kulisema neno lile. Alitamani mkono ule uvuke meza. Alitamani asubuhi za baridi ambazo huyu mtu angekuwa upande wa pili wa kikombe cha chai, akimtania. Akafungua kinywa.

"Hamjambo humu?"

Alikuwa mama yake.

Phyllis aliingia akipita kati ya nguzo mbili zilizolala, kikapu mkono mmoja na mkoba mweusi wa kanisani ameukumbatia kwa mkono mwingine. Aliwasalimu wote, akamuuliza Mzee Mwai habari ya mguu wake, kisha akamfikia Gatobu.

"Kumbe bado uko, fundi."

"Namaliza leo, mama."

"Ni vizuri. Kazi ikiisha mtu huenda kwao. Kwenu ni wapi tena?"

"Chogoria, mama."

"Ule upande mwingine wa mlima."

"Mlima si ni ule ule, mama? Nyinyi mnauona uso, sisi tunauona mgongo."

Mtu mwingine angecheka. Phyllis alirekebisha kilemba chake. "Ni ule ule. Lakini mtoto wangu akilia huko, mimi nikiwa huku sitasikia."

Neno lile halikuwa na matusi ndani yake. Lilikuwa hofu tupu.

"Watiri, nimeleta hii," mama akasema, akaweka kasha mezani. Ilikuwa DVD ya kwaya ya wazee, ile iliyorekodiwa mwaka mmoja kabla Mugo hajafa. Phyllis alikuwa ameiazima ikiwa imeshabandikwa utepe, lakini kabla ya kibao cheusi kuletwa, kwa hiyo hakuna aliyeulaza.

Watiri alilichukua kasha, na mara moja mkono wake ukajua. Lilikuwa jepesi. Kidole gumba kikaenda kwenye kifungio, kikasimama hapo.

Sheria ilisema fungua. Lakini ungelifungua vipi? Mama yake amesimama mbele yake, Mzee Mwai anatazama juu ya miwani, wasichana wawili wa sekondari wako rafuni. Mtoto hampekui aliyemzaa. Hata polisi wangekuwa na aibu. Watiri akalitia kasha kwenye rundo la zilizorudi, akasema asante Mami, macho chini.

Alipoinua macho, Gatobu alikuwa akimtazama. Alikuwa ameona kila kitu.

Wakati huo huo Mzee Moffat akaingia akipangusa viatu, koti refu mpaka magotini. "Haya, kijana. Tuonyeshe. Kamati inangoja ripoti."

Gatobu alienda ukutani akabonyeza swichi. Taa ndogo za kijani zikawaka juu ya nguzo. Alichukua diski ya kilimo cha parachichi, akaitembeza mlangoni, na lango likalia kwa sauti kali kiasi cha kumfanya Mzee Mwai aangushe gazeti. Kisha akailaza juu ya kibao, akapita tena. Kimya.

"Kumbe," Moffat alisema, na akacheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa ameshaandaa lawama. "Hii ni kazi safi. Hii nitaisemea vizuri."

Watiri alimwona Gatobu akivuta pumzi. Jina lake lilikuwa limesimama. Kisha Watiri akamwona mama yake akiinua kikapu.

"Wacha niwaache na mashine zenu," Phyllis alisema. "Mahindi iko jikoni."

Watiri alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwambia ngoja, Mami, keti kwanza, kunywa maji. Lakini Phyllis alipita kati ya nguzo, mkoba kifuani, na lango likalia.

Hakuna aliyecheka. Wasichana wakageuka. Phyllis alisimama pale pale, mguu mmoja nje, na Watiri hakuwahi kuuona uso wa mama yake ukiwa hivyo, hata makaburini.

"Mama Watiri?" Moffat aliuliza.

Gatobu alikuwa ameshafika ukutani. Akazima. "Pole sana, mama. Hiyo ni makosa yangu. Nimeiweka kali sana, hata miwani kwa mkoba inaisikia. Enda tu."

"Lakini sasa hivi ilikuwa sawa," Moffat alisema.

"Ilikuwa bahati, mzee."

"Bahati?" Furaha ilikuwa imemtoka. "Kijana, mimi ndiye niliambia kamati tukupatie wewe badala ya hao watu wa Nairobi. Nitawaambia nini? Ati mashine inalilia wamama wa kanisa? Afadhali basi hizo DVD zitolewe tu."

"Waambie fundi bado hajajua kazi," Gatobu alisema, na akainama kukusanya bisibisi zake.

Maneno yale yalimchoma Watiri kuliko kama yangesemwa juu yake. Alitoka mbio nyuma ya meza.

Alimkuta mama yake barazani, ameegemea ukuta, kikapu chini. Ukungu wa Julai ulikuwa umekaa juu ya paa za Gatitu na mlima haukuonekana kabisa.

"Mami, nionyeshe."

Phyllis hakukana. Alifungua mkoba. Diski ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cheupe, imelala kati ya Biblia ndogo na kibweta cha miwani.

"Ni wimbo wa tatu," alisema. "Baba yako ako laini ya nyuma. Anakohoa kidogo, hivi, halafu anaanza kuimba. Picha zingine zote amenyamaza. Ni hapo tu anakohoa."

Watiri aligusa ukingo wa kitambaa.

"Nikiirudisha, inapewa watu. Wiki yote baba yako analala kwa sebule ya watu. Nikasema nikirudisha kasha, mtahesabu kasha. Sikujua mtaweka kitu ya kulia."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Ati mama yako ni mwizi?"

Watiri alimshika mkono. Ulikuwa baridi na mgumu kwa kazi, na alikuwa ameupenda tangu azaliwe. Ndiyo maana yaliyofuata yalimtoka kwa uzito. "Mami, umeona vile Gatobu amefanya? Hii ni kazi yake ya kwanza. Ameivunja jina yake mwenyewe ili wewe utoke hapo na heshima yako. Na jana ulikataa salamu yake."

"Nilimwona."

"Kinuthia hajanikosea kitu. Lakini nikiolewa na yeye nitakuwa kama wewe na hiyo diski. Nitakuwa kwa nyumba yangu nikitafuta mtu ambaye hayuko. Usiwaache wapande hiyo ithigi, Mami. Nakuomba."

Phyllis aliutazama ukungu kwa muda mrefu, upande ambao mlima ungekuwepo. Alikaza kilemba, akachukua kikapu, akarudi ndani.

Moffat alikuwa bado amesimama karibu na nguzo, mikono nyuma. Phyllis alipita mbele yake mpaka mezani, akaweka kitambaa, akakifungua mbele ya watu wote.

"Chairman, mashine haijakosea. Mwenye amekosea ni mimi. Nilirudisha kasha bila kitu ndani. Huyu kijana alijua, akabeba makosa yangu."

Mzee Mwai alikunja gazeti. Moffat aliinama juu ya diski, akaitambua, na mabega yake yakashuka.

"Ni ya Mugo," alisema.

"Ni ya Mugo."

"Tulikuwa tunasimama na yeye bega kwa bega, Mama Watiri. Ile kikohozi yake ilikuwa inanikasirisha sana." Akatoa leso, akajifanya anapangusa miwani. "Siku hizi nikiimba, hapo kwa wimbo wa tatu huwa naingoja."

Gatobu alikuwa ameinuka na mkoba wake wa vyombo. Akakohoa kidogo, kwa heshima.

"Mama, samahani. Hiyo kitu inatolewa copy. Kwaya ikikubali, ni kazi ya kungoja chai ichemke."

"Kwaya imekubali," Moffat alisema, kwa kuwa ndiye kiongozi wake.

Phyllis alimgeukia Gatobu, kisha Watiri. "Inatolewa copy?"

"Eh, Mami."

"Na wewe unafanya kazi hapa kila siku na hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mami."

Wasichana ndio walioanza kucheka, na Mzee Mwai akafuata, na mwishowe hata Phyllis kicheko kikamponyoka. Moffat alimpiga Gatobu begani akasema ripoti itaandikwa vizuri, tena kwa wino. Gatobu akawasha lango, taa za kijani zikarudi. Ndipo Watiri alipogundua kwamba hakukuwa na kazi nyingine iliyobaki. Diski zote zilikuwa na tepe. Mtu alikuwa anakwenda zake.

"Basi," Gatobu alisema, akanyoosha mkono.

"Basi."

Akaushika mkono wake muda mrefu kuliko salamu. Macho yake yalikuwa yakingoja neno lile moja. Na Watiri, aliyekuwa ameongea kwa ujasiri barazani, alijikuta bubu. Mama yake alikuwa hapo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa hapo. Mzee Mwai, ambaye kabla ya jua kutua angekuwa amesambaza habari mpaka Nyeri mjini, alikuwa hapo. Msichana wa Gatitu anaanzia wapi kumwita mwanamume mbele ya watu kama hao?

Mkono wa Gatobu ukaachia. Mwanga ukafifia machoni pake, taratibu, bila lawama.

Koti lake lilikuwa bado kwenye kiti. Watiri alilichukua. Kwa mkono wa kushoto, chini ya meza, akachomoa utepe mmoja kwenye bunda la zilizobaki. Ulikuwa macho, hakuna aliyeulaza. Akautia mfukoni mwa koti na kumsaidia kulivaa, akimkung'uta vumbi mabegani ambalo halikuwepo.

"Huko Nanyuki ni baridi," alisema.

"Najua."

Gatobu alikwenda. Alimuaga Moffat, akamwinamia Phyllis kidogo, na Phyllis akaitikia. Mlangoni akasimama kumuaga Mzee Mwai, na Mzee Mwai, Mungu amsamehe, akaanza kumweleza habari ya mguu wake. Watiri alishika ukingo wa meza. Aliwaza utepe umeanguka. Aliwaza umeharibika. Aliwaza jinsi angeutazama mlima kila asubuhi akijua Gatobu yuko mgongoni mwake.

Gatobu akaachwa huru, akapiga hatua.

Lango likalia.

"Sasa hii ni nini tena?" Moffat alifoka.

Gatobu alisimama kati ya nguzo. Akapapasa mfuko wa suruali, mfuko wa shati, mfuko wa koti. Akatoa utepe mwembamba, akautazama kwenye kiganja chake wakati kelele inaendelea. Alipogeuka, hakumtazama mwenyekiti.

"Labda," alisema polepole, "labda imekosea."

"Haijakosea," Watiri alisema. Watu wote walikuwa wakimtazama, mama yake akiwa wa kwanza, na hakujali tena. "Gatobu, rudi."

Gatobu alirudi ndani, mpaka mezani, na safari hii mkono wake ukavuka. Watiri akaushika kwa mikono yake miwili.

Phyllis aliwatazama hao wawili. Kisha akaketi kwenye benchi kando ya Mzee Mwai, akaweka mkoba magotini, akaanza kutafuta ndani yake kati ya Biblia na miwani.

"Mtu azime hiyo kitu, inatupigia kelele," alisema. "Na wewe kijana, hiyo copy uilete mwenyewe. Usitume mtu. Uje Jumamosi."

"Jumamosi, mama? Si kuna wageni wa kutoka Kagio?"

Phyllis alikuwa amepata alichokuwa akitafuta. Ilikuwa simu yake. Akaisogeza mbali na macho ili aone namba vizuri.

"Nyinyi ongeeni," alisema. "Mimi niko na simu ya kupiga Kagio."